Feni Mbili za Kasha la Baba

Wiki iliyopita fundi alikuja ofisini kwetu kusafisha kompyuta. Aliifungua yangu mbele yangu, akapuliza vumbi, kisha akaiwasha ikiwa bado wazi ili aone kama feni yake inazunguka sawasawa. Ilizunguka. Hewa iliyotoka humo ilinipiga usoni, ile hewa ya vumbi lililopata moto, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, nikajikuta nimeinuka kitini na kutoka nje mpaka kwenye maua. Fundi alinifuata akaniuliza kama vumbi linanidhuru. Nikamwambia ndiyo, maana jibu la kweli lilikuwa refu na yeye alikuwa na kazi.

Sisi tuliokuwa watoto Morogoro miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tunakumbuka mambo mawili yaliyokuja pamoja. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla sabuni za kila rangi, na baba zetu wakaanza kuonekana nyumbani mchana. Sabuni tulizishangilia. Baba wa mchana hatukumwelewa. Neno lililotembea mitaani lilikuwa kupunguzwa: baba wa fulani kapunguzwa, mama wa fulani naye kapunguzwa. Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo. Nilimtazama baba yangu akiwa amekaa barazani, nikaona kweli amepungua. Mashati yake ya kazi yalikuwa yamemlegea mabegani, na mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

Baba aliitwa Gaspari. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, aliyeshuka mlimani akiwa kijana ili ajifunze umeme, na kwa miaka mingi alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kusokota nyuzi. Kazi yake kubwa humo ilikuwa feni. Si feni za mezani. Zilikuwa feni pana kuliko mlango wa nyumba yetu, zilizofungwa juu kwenye kuta za ukumbi ili zinyonye vumbi la pamba na kulitupa nje. Mama, Blandina, alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya umma mjini. Kiwanda kilifungwa kwanza, kikakaa kikisubiri mnunuzi. Haukupita muda mrefu, ofisi ya mama nayo ikavunjwa.

Siku ya kuuza na kugawana vyombo vya ofisi, watu waligombea meza na majokofu. Mama aliomba kompyuta ambayo ilikuwa imeangukiwa na kabati la chuma. Kasha lake lilikuwa limebonyea kama debe lililokanyagwa na lori, lakini vilivyokuwa ndani vilikuwa vizima, na kioo chake pia. Hakuna aliyeitaka. Alirudi nayo nyumbani Kihonda imefungwa kwa kanga mbili, akaiweka juu ya meza ya chakula, akamweleza baba kwamba yeye ameshajifunza kuitumia na watu wa mahakamani na wanafunzi wa vyuo wanahitaji mtu wa kuwachapia. Kilichokosekana ni kimoja.

"Haina mwili," mama alisema.

Baba aliizunguka ile meza akiitazama. Alikuwa amekaa miezi mingi bila kusema zaidi ya maneno ya lazima. Akagusa pale palipobonyea, akasema, "Mwili nitautengeneza mimi."

Nilikuwa pale nikimenya maharage mabichi. Sentensi hiyo niliisikia kwa masikio yangu, na ndiyo iliyoanza kunipoteza.

Alilitengeneza kasha kwa plaiwudi na bati, kubwa kuliko lile la mwanzo, lenye mlango wa pembeni unaofunguka kwa bawaba ili mtu aweze kuingiza mkono. Mtu anayeijua Kihonda ya wakati ule hahitaji kuambiwa habari ya vumbi. Barabara ilikuwa ya udongo, mashine ya kusaga ilikuwa nyumba ya tatu, na watu walikuwa wakijenga kila upande. Kwa hiyo baba aliziba kila mwanya kwa gundi na vipande vya mpira wa tairi. Vumbi alikuwa analichukia kuliko wezi. Akiwa anafanya kazi alikohoa, kikohozi kikavu kilichokuja kwa mafungu, na kila kilipokuja aliweka kifaa chini, akashika ukingo wa meza, akangoja kipite, kisha akaendelea palepale alipoachia. Kikohozi hicho nilikuwa nimezaliwa nikakikuta. Sikujua kwamba ni ugonjwa. Nilidhani ndivyo baba wanavyokuwa asubuhi.

Mama alianza kazi katika chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara na, juu ya mapaa, milima yetu na mawingu yake. Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Mchana, jua likishapiga bati la nyumba, mashine iliganda. Herufi zilisimama kwenye kioo na mama angeweza kugonga kibodi mpaka vidole viume. Baba alifungua mlango wa kasha akaingiza mkono, akautoa upesi. Humo ndani kulikuwa na kifeni kidogo ambacho mashine ilikuja nacho, kwenye boksi la umeme, lakini kilikuwa kinazungusha joto lilelile.

"Nimeiziba mno," alimwambia mama. "Hewa haina pa kuingilia wala pa kutokea. Itakufa."

Mambo yangekuwa mepesi kichwani mwangu kama maneno hayo yangebaki peke yake. Lakini wiki hiyohiyo baba alikuwa amepelekwa hospitali kupigwa picha ya kifua. Mama aliporudi alisimama uani akimweleza jirani, sauti yake chini, nami nikiwa nyuma ya mlango wa jiko. Alisema daktari amewaonyesha picha. Alisema mapafu yote mawili yamejaa vumbi la miaka na sasa hayapitishi hewa inavyotakiwa.

Wengine walioachishwa pamoja na baba walikuwa katika hali hiyohiyo. Aliyekuja kwetu mara kwa mara ni Mzee Shomari, aliyekuwa msimamizi wa mashine za kusokotea. Alikuwa mtu wa pwani ya Bagamoyo aliyeoa Mluguru, mrefu, mwenye kofia safi ya kushonwa kwa mkono daima, na yeye alikohoa kwa sauti nene zaidi ya baba. Walikaa kwenye viti viwili vya kamba na wakazungumza kidogo sana. Kutoka kwake ndiko nilikosikia, ingawa hakuwa akizungumza nami, kwamba miaka ya mwisho vipuri havikupatikana na feni za ukumbini zilikufa moja baada ya moja. Baba alizifungua, akaazima chombo cha hii akakitia kwenye ile, mpaka pakawa hapana cha kuazima. Feni ya mwisho iliposimama, Mzee Shomari alisema, waliendelea kusokota. Ukumbi ukawa mweupe. Asiyeuona asingeamini kwamba mtu anaweza kushindwa kumtambua mwenzake ng'ambo ya mashine moja.

Baba alimsikiliza bila kuinua uso. Alikuwa anakata tundu la mviringo kwenye ubavu wa kasha.

Mzee Shomari ndiye aliyeleta feni. Alikwenda Dar es Salaam kumwona mwanawe, na kutoka kwenye lundo la mashine za kunakili zilizoharibika akapata feni tatu ndogo za plastiki nyeusi, kila moja ikitosha kwenye kiganja cha mtu mzima. Baba alizipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kifaranga. Alisema mbili za kazi, moja ya akiba. Moja ingevuta hewa baridi kutoka chini, nyingine ingetoa ya moto kwa juu.

Mzee Shomari alitazama yale matundu mawili, akatikisa kichwa taratibu. "Ukimaliza hilo, Gaspari," alisema, "utuangalie na sisi."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kukohoa. Mimi sikucheka. Mapafu nilikuwa nimeyaona buchani, yakining'inia mawili mawili. Mashine imepata mwili. Hewa haipiti. Feni mbili. Nikaona jinsi kila kitu kilivyopangwa: baba anajaribu kwanza kwenye kasha, kwa sababu kasha haliumi, na likikubali atawapelekea madaktari wamwekee kifuani. Wala sikuona ajabu. Mtoto wa mtu anayetengeneza kila kitu haoni ajabu.

Tangu siku hiyo niliifuatilia kazi ile kuliko mtu yeyote nyumbani. Nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja chumba cha mbele. Baba alifikiri nimependa umeme, akaanza kunieleza, na maneno aliyonipa wakati ule ndiyo mengi kuliko yote aliyowahi kuzungumza nami.

Kwanza alizipa feni umeme kutoka adapta ya redio, iliyochomekwa ukutani peke yake. Zilizunguka vizuri, mashine ikapoa, mama akashukuru. Lakini huo ulikuwa wakati wa mgao. Umeme ulikatika na kurudi utakavyo, na kila uliporudi mama alitakiwa akumbuke vitu viwili, kuwasha mashine na kuwasha feni. Siku moja alikumbuka kimoja. Alikuwa anamalizia kazi ya mwanafunzi wa Mzumbe, dada mmoja mjamzito aliyekuwa ameketi hapo hapo na kikapu chake akisubiri. Mashine iliganda kwa joto, na ilipowashwa tena kurasa za siku nzima hazikuwamo.  Yule dada aliinamisha kichwa juu ya tumbo lake akalia kimyakimya, na mama akakaa karibu naye akamshika mgongo, kisha akaanza upya ukurasa wa kwanza.

Baba alilichukua jambo hilo kama dhambi yake. Aliniambia kwamba feni ya kumtegemea mtu akumbuke si feni. Kitu kinachomlinda mwingine kinapaswa kuamka naye na kulala naye. Akaing'oa adapta, akafungua kasha, akanionyesha nyaya zilizotoka kwenye boksi la umeme la mashine yenyewe. Waya wa njano, alisema, umebeba volti kumi na mbili, ambazo ndizo feni inazozitaka. Mwekundu una tano. Mweusi ndio njia ya umeme kurudi. Akazifunga feni kati ya njano na mweusi, na tangu hapo mama akiwasha mashine feni nazo ziliamka.

Zikaamka kwa nguvu mno. Chumba kilivuma kama mzinga, mteja akizungumza mama hakusikia, na kitambaa cha chandarua ambacho baba alikiweka mdomoni mwa feni ya chini kuchuja hewa kilijaa vumbi jekundu kabla ya adhuhuri. Baba alikitoa akakitazama muda mrefu. Alisema mashine haihitaji pumzi nyingi kiasi hicho asubuhi, kukiwa bado na baridi. Inahitaji kidogo asubuhi na nyingi mchana.

Alitafuta njia ya kuzipunguza kwa siku kadhaa. Alijaribu kuunganisha balbu ya tochi njiani ili imeze sehemu ya umeme, lakini balbu ilipata moto na yeye hakutaka moto mwingine ndani ya kasha. Kisha akaniita akiwa na mita yake mkononi. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu apunguzwe.

"Tazama, mama," alisema. Mimi alikuwa akiniita mama, kwa jina la mama yake. "Umeme wa njano nikiurudishia kwenye mweusi, feni inapata zote kumi na mbili. Nikiurudishia kwenye mwekundu, ambao una tano zake tayari, inapata zinazobaki tu. Kumi na mbili toa tano?"

"Saba."

"Saba. Haya, sikiliza saba inavyolia."

Akahamisha waya. Mvumo ulishuka ukawa kama mtu anayelala. Tulikaa tukiusikiliza, mimi na yeye, na nilitamani kumwuliza kama yeye atapewa saba au kumi na mbili, lakini niliona haya.

Akaweka swichi ubavuni: chini saba, juu kumi na mbili. Kwa kuwa feni zilikuwa kuukuu, mara nyingine saba haikutosha kuziamsha. Zilitetemeka tu pale zilipo. Akazifungua, akasafisha shina la kila moja, akatia tone la mafuta ya cherehani, na baada ya hapo ziliamka zenyewe. Kwa msimu mzima ule baba alikaa kwenye kiti kando ya mama. Mama alichapa, yeye alisikiliza. Mkono wake ulikuwa juu ya kasha, na alipohisi bati limepata joto alipandisha swichi, jioni akaishusha. Nadhani hicho kilikuwa kipindi kizuri cha ndoa yao. Hawakuzungumza sana, ila mama alikuwa akimsomea alichochapa, mirathi ya watu na kesi za mipaka ya mashamba, naye baba alisema huyu ana haki, huyu hana.

Kisha akaanza kushindwa kukaa. Alikuwa akija chumba cha mbele kwa kushika ukuta, akikaa kidogo, akirudi kulala na mito mitatu mgongoni. Mama alimwambia asijisumbue, yeye ataipandisha swichi mwenyewe. Baba alikataa. Alisema macho ya mama ni ya kuangalia kazi, si joto.

Aliniagiza nimletee pasi yetu ya umeme iliyokuwa imeungua. Akaivunja akiwa kitandani, sinia likiwa juu ya mapaja yake, akatoa humo kibamba chembamba cha chuma kirefu kama kidole. Alinieleza kwamba kile ni vyuma viwili vya aina mbili vilivyobanwa pamoja. Vikipata joto, kimoja hurefuka zaidi ya mwenzake, na kwa kuwa haviwezi kuachana, vyote viwili hupinda. Alikifunga kibamba kile ndani ya kasha, karibu na pale joto lilipokuwa kali. Kikiwa baridi kiligusa nukta ya waya mwekundu. Kikipata joto kilipinda, kikauacha mwekundu, kikagusa nukta ya mweusi. Palikuwa na skrubu ndogo ya kuamua kipinde mapema au kichelewe, na kuirekebisha hiyo skrubu kulimchukua siku nyingi, maana alikuwa anaweza kusimama muda mfupi tu. Mzee Shomari alikuja kumshika kiuno.

Siku kilipokubali tulikuwa wote chumbani. Mama alikuwa anachapa, jua limeshapanda. Mara tukasikia *tik*, na feni zikaongeza mwendo zenyewe, hakuna mkono uliogusa chochote. Mama aliacha kuchapa. Hakutazama kasha. Alimtazama baba, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo sikuielewa hata kidogo, kwa sababu kwangu mimi ile ilikuwa sikukuu. Kifaa kilikuwa tayari. Sasa kingeweza kukaa ndani ya mtu bila kuhitaji mtu.

Baba alipopelekwa kulazwa hospitali ya mkoa, mimi nilikuwa mtoto pekee mtaani asiyelia. Shangazi Leokadia, dada yake, alishuka kutoka Mgeta na kapu la karoti na kabichi kuja kutukalia nyumba, akanikuta nafagia huku naimba. Jirani alisema mtoto huyu hana uchungu. Niliingia chumba cha mbele kufungua mlango wa kasha, ili nione pengo walipochukua feni. Zilikuwamo zote mbili.

Nilisimama pale nikitafakari. Madaktari wamezisahau, au mama amezizuia kwa ajili ya kazi. Nilijua sina ruhusa ya kugusa zilizofungwa. Lakini ya akiba ilikuwa kwenye droo, imefungwa kwenye gazeti. Nikaitia kwenye mfuko wangu wa shule, chini ya sweta, na saa ya kuona wagonjwa ilipofika nikamwambia shangazi kwamba lazima nami niende.

Muuguzi wa zamu hakupenda watoto wodini. Shangazi alimwamkia kwa unyenyekevu mkubwa, akamwambia huyu ni wa pekee, mama. Tukaruhusiwa. Baba alikuwa ameketi, kwa sababu hakuweza tena kulala chali, na kila pumzi aliivuta kwa mabega. Mama alikuwa upande wa miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alisema kwa vipande viwili.

Nilifungua mfuko, nikatoa feni, nikamwekea kwenye shuka. "Wameisahau hii," nikamwambia.

"Akina nani?"

"Madaktari."

Baba alinitazama. Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Kisha akaichukua feni, akaigeuza upande huu na huu, akakagua waya wake kama alivyokagua kila kitu maishani mwake. Akaisogeza mdomoni, akapuliza. Mapanga yalitetemeka, yakageuka nusu, yakasimama. Akangoja apate pumzi nyingine, akapuliza tena. Safari hii yalizunguka.

"Nzima," alisema. "Umefanya vizuri. Iache hapa hapa kwangu."

Akaiweka chini ya mto. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Shangazi alikuwa anatazama nje, kwenye ua, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Nilitoka wodini nikiwa mwepesi kama mtu aliyefikisha alichotumwa.

Baba hakurudi nyumbani. Tulimpandisha Mgeta kwenye gari la parokia, barabara ikizunguka na kuzunguka, baridi ikiongezeka, mpaka tukamfikisha kwenye ardhi ya baba zake iliyokatwa matuta ya mboga. Wenzake wa kiwandani walikuja, Wakristo kwa Waislamu. Wengine waliutembea mlima wa mwisho kwa kusimama kila baada ya hatua chache, mkono kifuani. Mzee Shomari alikaa juu ya jiwe mbali kidogo na kaburi, kwa kuwa hakuweza kusimama ibada nzima, na watu walipoimba yeye aliinamisha kofia yake.

Mama alirudi kazini mara tu ilipofaa, kwa sababu tulihitaji kula. Na hapo ndipo uchungu uliponipata, si kaburini. Nilikuwa uani nikasikia, kutoka chumba cha mbele, *tik*, na feni zikaongeza mwendo. Kasha lilikuwa linapumua vizuri kabisa. Nilielewa kwamba baba alikuwa na feni tatu, akaipa mashine zile nzuri mbili, na yeye akabaki na ile moja ya akiba, na mtu mzima hawezi kuishi kwa moja. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia mama pia, na madaktari, na kile kibamba. Kwa muda mrefu sikuingia chumba cha mbele. Mama akiniita humo nilisimama mlangoni. Aliona, lakini alifikiri ni kwa sababu kiti cha baba kilikuwa bado pale.

Miaka ilivyokwenda niliutambua ukweli kama watoto wote wanavyoutambua, kidogo kidogo, bila siku maalumu. Somo la sayansi lilinionyesha mapafu ni nini. Hasira iliondoka ikaacha aibu, na aibu hiyo niliibeba peke yangu, kwa kuwa niliamini kwamba nilimpelekea baba yangu, akiwa anakufa, kipande cha plastiki cha kuchezea.

Nilimwambia mama siku moja kabla ya kwenda sekondari ya bweni. Tulikuwa kitandani kwake na sanduku langu la bati likiwa wazi, yeye akikunja sare. Sijui kwa nini niliichagua siku hiyo. Pengine nilitaka kuondoka nikiwa mwepesi. Nilimweleza yote, tangu "haina mwili" mpaka wodini, na nilimaliza nikitazama sakafu.

Mama aliacha kukunja, sketi ikiwa mikononi mwake.

"Alijua," alisema hatimaye. "Ulipotoka na shangazi yako aliniita karibu, maana sauti ilikuwa imemwisha. Akaniambia, huyu mtoto ananitafutia mapafu. Mtu asimcheke. Shangazi yako aliambiwa, na Mzee Shomari alipokuja kumwona naye akaambiwa."

Nilimwuliza kwa nini basi baba hakunieleza palepale, akaniacha niondoke nikiamini.

"Na mimi nilimwuliza hivyo hivyo," mama alisema. "Akasema, nikimwambia atabaki mikono mitupu."

Akaendelea kukunja. Baada ya muda nilichukua sketi ya pili nikamsaidia.